Picha Chini ya Uji wa Muhogo

Nianze na uji, maana ndio ulioniponza.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa wilayani Biharamulo, na nyuma ya bweni la wanaume palikuwa na ghala la zamani la pamba. Mkuu wa chuo alilipaka chokaa, akatoboa madirisha mawili, akaliita Ukumbi wa Sanaa na Maonyesho. Kila baada ya majuma sita onyesho lilibadilika. Tulionyesha choo bora, tukaonyesha vikapu na vyungu vya wanavijiji, tukaonyesha ukombozi wa Kusini mwa Afrika, tukaonyesha michoro yetu wenyewe. Siku za gulio watu walipita kututazama wakitoka sokoni, na walikuja wengi, tena wengine na mbuzi zao.

Mimi natoka Ngara, Kirushya, mtoto wa migomba na maharage. Mkono wangu ulijua kuchora, basi mwaka wa kwanza tu nikakabidhiwa ufunguo wa ukumbi. Ufunguo, jamani! Niliuvaa shingoni kwa kamba ya katani hata nikienda kuoga. Wenzangu wakanibandika jina la Bwana Ukuta, na mimi mpumbavu nikalipenda.

Siku zile msumari ulikuwa adimu, pini hazikuwepo, na gundi ya dukani tuliisikia tu kwa watu waliofika Mwanza. Tulibandika kwa uji wa unga wa muhogo. Mpishi alinipimia vikombe viwili huku akisonya. "Watu hawajashiba," alisema, "wewe unalisha kuta." Mbao za kubandikia zilikuwa sita tu, na karatasi nayo ilikuwa ya kuomba, kwa hiyo onyesho la zamani hatukulibandua. Tulipaka uji juu yake, tukabandika jipya. Mbao zikanenepa onyesho baada ya onyesho. Mkuu wa chuo alipenda kuzigonga kwa vidole mbele ya wageni, akisema huo ndio ujamaa wenyewe, kila kazi inasimama juu ya kazi ya mwenzake, nasi tukapiga makofi.

Kilichozuiwa kupakwa uji ni kitu cha kuazima. Hicho tulikibana kwa vijiti vya mwanzi pembeni, ili kirudi kwa mwenyewe kikiwa kizima. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ukumbi. Niliitunga mimi, nikaiandika kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni.

Kisha vita vikaingia Kagera. Malori yalipita vijijini kuchukua wanamgambo, na chuo kikachanga mahindi na maharage ya askari. Mkuu wa chuo akataka onyesho la vita. Tulichora vifaru, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuviona, vyangu vilikuwa na magurudumu ya trekta. Mkuu alizunguka ukumbi mzima mikono nyuma, akasimama mbele yangu.

"Sura ziko wapi?" akauliza. "Chuma nimekiona. Nataka sura ya kijana wa hapa hapa, wazazi wake wakiingia wamtambue."

Picha za watu zilikuwa chache sana vijijini. Nikasikia kwamba Nyabusozi kuna mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alipigwa picha kabla ya kupanda lori. Nikaazima baiskeli ya chuo nikaenda.

Nilimkuta anapepeta mtama mbele ya nyumba yake, katika ule mstari wa nyumba za kijiji cha ujamaa zilizopangwa kwa kamba. Alikuwa Msubi, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, kisha tukaendelea, mimi kwa Kihangaza changu na yeye kwa Kisubi chake, lugha ambazo husikilizana bila mkalimani. Nilipotaja picha aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kikapu chenye mfuniko, na ndani ya kikapu kulikuwa na kitambaa chekundu, na ndani ya kitambaa ndimo alimokuwa mwanawe.

Mpiga picha wa gulioni alikuwa amemsimamisha kando ya kigoda chenye redio. Suruali pana, saa mkononi, nyuma yake shuka lililochorwa maua. Mama akaniambia redio haikuwa yake, na saa pia ilikuwa ya mpiga picha. Akacheka kidogo aliposema hivyo.

"Mwarimu," akasema, na mimi sikuwa mwalimu bado, lakini neno lile lilinipanda kichwani, "picha ninayo hii moja. Na kwetu mtu akiwa hai hatundikwi watu wamkodolee macho. Anayetazamwa na watu wengi namna hiyo ni maiti."

"Mama, hayo mambo ya kale," nikamjibu. "Huyu ni shujaa. Watu wote wamwone."

"Utamrudisha?"

"Onyesho likibadilika tu, nitamrudisha."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu huu." Na nikaunyanyua, kama mtu anayeapa mbele ya hakimu. Mpaka leo nikiutazama mkono huo nikila, wakati mwingine naubadilisha.

Niliibana picha kwa vijiti vya mwanzi, kama sheria ilivyotaka. Mkuu wa chuo akaja, akakunja uso. "Mbona umemfunga jela?" Watu wakacheka. Kweli vijiti vilikuwa vibaya, na pembe za picha zilijikunja. Nilipobaki peke yangu nikaviondoa, nikapaka uji nyuma ya picha, pembe zote na katikati, nikaikandamiza kwa kiganja. Ikakaa vizuri mno.

Mama alikuja siku ya gulio na mkungu wa ndizi kichwani. Vifaru hakuvitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akamsalimu, akaanza kumpa habari: yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mvua imechelewa, jirani ameuza baiskeli. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ukumbi ukiwa umejaa. Wanachuo wakaanza kucheka chini kwa chini. Nami nikacheka, nimeziba mdomo kwa mkono. Aliponigeukia nikakohoa. Akaniachia zile ndizi, tukazila bwenini jioni ile.

Onyesho la vita lilipendwa, likaongezewa muda, likakaa miezi mingi kuliko mengine yote. Baadaye vita vikaisha, watu wakaimba barabarani, na ikaja barua kwamba mkaguzi kutoka mkoani atatutembelea siku ya Alhamisi na angependa kuona onyesho jipya la kilimo. Alhamisi! Barua ilifika Jumanne.

Jumatano mchana kutwa tulibandika. Mahindi, jembe la kukokotwa na ng'ombe, samadi, mashimo ya kahawa. Wenzangu walipokwenda kunawa kabla ya chakula cha jioni, mimi nilibakiza ubao mmoja, ubao wa yule kijana. Nikaingiza ncha ya kisu chini ya pembe ya picha. Ikainuka kidogo, ikaacha ukoko mweupe. Nikaelewa hapo hapo kwamba haitoki kwa kisu. Ingetaka maji ya moto, kitambaa, na subira, nayo ubao ungelowa, na hindi langu kubwa, hindi nililolichora siku mbili na kulipaka rangi ya manjano iliyobaki chuo kizima, lisingeshika.

Watu niliowahi kuwasimulia huniambia, "Ulisahau, ulikuwa kijana, kazi zilikuzidi." Nawakatalia. Sikusahau. Nilisimama pale na picha mbele yangu na brashi mkononi, na nikasema kwa mdomo wangu, "Ah, uji ni maji tu, nitamtoa Ijumaa." Nikachovya brashi. Nikampaka uji kuanzia miguuni hadi kichwani, nikambandikia hindi.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa mlangoni, shati jeupe, ufunguo shingoni, tunamngoja mkaguzi. Aliyekuja kwanza ni yule mama. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, vumbi hadi magotini, kanga amejifunga kiunoni, na nywele zake hazikuwa zimeguswa siku nyingi. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwarimu, mwanangu hakurudi. Wamekuja watu wa serikali kutuambia. Amezikwa huko huko." Alilisema lote kwa pumzi moja, kama mtu aliyelirudia njia nzima ili asilie likimtoka. "Jumamosi tunanyoa, tumalize matanga. Ndugu wa baba yake wanakuja kutoka mbali, wengine hawakumwona tangu ananyonya. Nataka siku ya kunyoa awepo. Nipe nimpeleke nyumbani."

Alikuwa ameingia ndani, na kwa uchovu akauegemea ubao kwa mkono. Kiganja chake kilikuwa juu ya hindi. Uji ulikuwa bado haujakauka vizuri. Saa ile, kwa maji ya moto na kwa aibu ndogo tu mbele ya mkuu wa chuo, picha ingetoka nzima. Hilo ndilo linalonikaba. Aibu ndogo ya saa moja! Nje nikasikia gari likikata kona kwenye mikaratusi.

"Mama," nikasema, "picha imekwenda Bukoba."

Sijui ilikotoka Bukoba. Ilitoka tu.

"Bukoba?"

"Wakubwa wameiomba. Wanaionyesha huko."

Akaziba mdomo kwa mkono. Nikadhani atalia. Akasema, "Watu wa Bukoba wanamtazama mtoto wangu?"

"Wanamtazama, mama."

Akafikiri. Alitikisa kichwa polepole, na uso wake, Mungu nisamehe, ulitulia. "Basi mwache amalize kazi yake," akasema. "Sisi tutanyoa tu. Akirudi atatukuta." Akanishukuru. Akajifunga kanga upya, akapita mlangoni akipishana na mkaguzi, akaanza njia ya kurudi Nyabusozi bila hata kunywa maji.

Mkaguzi alikaa ukumbini muda wa mtu kuvuta sigara moja. Alisifu mwandiko. Mbele ya hindi langu alisema, "Safi," kisha akamuuliza mkuu wa chuo kama kuku kaiva.

Gari lilipoondoka jioni nilikimbilia jikoni. Mpishi alinitazama usoni akanipa maji ya moto bila kusonya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Lakini jua lilikuwa limepiga bati mchana mzima. Hindi nililichana vipande vipande. Nikalowesha, nikangoja, nikasugua kwa kidole taratibu. Ikatoka suruali. Ikatoka redio, nzima, na vitufe vyake. Ikatoka saa. Nilipofika usoni, karatasi ya hindi ilikuwa imeshikana na uso ikawa kitu kimoja, na nilipovuta, uso ukatoka nayo, ukabaki ute wa kijivu kwenye vidole vyangu. Nilisimama pale, nikavitazama vidole, sikujua nivifutie wapi.

Siku ya kunyoa mkuu wa chuo alinituma mimi kupeleka rambirambi, kwa kuwa, alisema, familia wananifahamu. Nilikwenda na gunia la maharage nyuma ya baiskeli. Kwa ukoo wao, mwili usipopatikana huzikwa kipande cha mgomba. Walikuwa wamekivika shati la kijana, wakakizika nyuma ya nyumba. Nilipofika mama aliinuka, akanishika mkono, ule ule, akanipitisha mbele ya watu. "Huyu ndiye mwarimu aliyempeleka mtoto wetu Bukoba." Wakanipa kigoda. Wazee wenye mvi walikuwa wamekaa kwenye nyasi, mimi niko juu ya kigoda.

Baba mdogo wa marehemu, aliyetoka ng'ambo ya mto Ruvubu, alinisogelea. "Mwalimu, mimi nilimwacha akiwa wa kubebwa mgongoni. Wewe umekaa naye miezi. Hebu nieleze, alikuwaje? Alichukua paji letu la uso, au la wajomba zake?"

Nikafungua mdomo. Nikamtafuta yule kijana kichwani mwangu. Nikaiona redio. Nikaiona saa, maua ya shuka, upana wa suruali, pembe ya picha iliyojikunja. Uso sikuuona. Nilikuwa nimeufungulia mlango kila siku, nimeufagilia, nimewaambia mamia ya watu "mtazameni shujaa wetu," na mimi mwenyewe sikuwahi kumtazama hata siku moja. Baba mdogo alikuwa ananingoja.

"Alifanana na mama yake," nikasema.

Wote wakamgeukia mama, wakamtazama kwa kuridhika, na yeye akainamisha kichwa chake kilichonyolewa. Nikaletewa chakula kabla ya wazee. Nilikila.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika Dar es Salaam. Kila onyesho lilipobadilika mama alikuja, akazunguka mbao zote sita, kisha akaniuliza. Nikamwambia sasa iko Mwanza. Nikamwambia imepelekwa Dodoma. Mara ya tatu nikaipeleka Dar, maana ningeipeleka wapi tena? Kila mara alifurahi kuliko mara ya kwanza. Wanakijiji wenzake wakaanza kumwita Mama wa Dar es Salaam, wakimtania, naye akiitika.

Muhula wa mwisho ulipofika nilijiambia siwezi kwenda kufundisha watoto wa watu nikiwa hivi. Ungetegemea nikaseme ukweli. La. Nikachukua karatasi nzuri kuliko zote, nikachora. Kigoda, redio na vitufe vyake, saa, suruali, maua. Vyote vilitoka bila kufuta. Uso niliuchora mara nyingi. Niliweka paji la mama yake, nikaweka macho ya mama yake, nikauliza watu wa gulioni waliomfahamu, huyu akasema alikuwa na mashavu, yule akasema hakuwa nayo. Mwishowe nikapata uso mzuri wa kijana, nikauridhia.

Mama nilimkuta mahali pale pale, mbele ya nyumba. Nikamwambia picha yenyewe imechakaa safarini, lakini mafundi wa huko wamemchora upya, mkubwa, wa kudumu. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka penye mwanga.

"Redio ndiyo hiyo hiyo," akasema, akacheka. "Na saa ya watu. Ndiyo."

Kisha akausogeza mchoro karibu na macho. Kuku walipita katikati yetu.

"Mwarimu," akasema kwa upole, "huyu mtoto wa nani?"

Nikawatazama kuku.

"Wamechanganya," akasema. "Waliokwenda ni wengi, huko wanazo picha nyingi, si kosa lao. Huyu ni mzuri, lakini ana mama yake. Atakuwa anamtafuta kila mahali." Akaingia ndani. Niliwahi kufikiri kwamba hapo ndipo ningesema, akitoka tu nitasema, na nililipanga lile neno ulimini. Alitoka na kile kitambaa chekundu kutoka kwenye kikapu. Akaufunika mchoro wangu kwa kitambaa cha mwanawe, akakunja pembe moja moja, akanikabidhi.

"Mfunike asiumie njiani," akasema. "Mrudishe kwa mama yake, usimcheleweshe, maana najua mimi. Na wangu ukimpata, niletee. Kwa mkono wako."

Nikasema ndiyo.